Maswali ya Wasomaji: Mashine, Picha za Ubongo na Hatari ya Dimenshia

Tangu tulipochapisha makala fupi kuhusu programu za kompyuta zinazosoma picha za ubongo, barua nyingi zimetufikia, na karibu zote zinazunguka jambo moja: je, mashine inaweza kumwambia mtu leo kwamba baada ya miaka kadhaa atapatwa na dimenshia, yaani maradhi yanayodhoofisha kumbukumbu, fikra na uwezo wa kujitegemea? Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wasomaji wengi. Majina ya walioandika yamehifadhiwa.

Shikamoo daktari. Mama yetu ana miaka 71. Tangu mwaka jana anarudia swali lile lile mara nyingi kwa siku, ameunguza sufuria zaidi ya mara moja, na majuzi alipotea akitoka sokoni, njia aliyoizoea tangu usichana wake. Kaka yetu aliye Uingereza anasema huko ipo akili mnemba inayotazama picha ya MRI na kusema kama mtu ataugua Alzheimer. Anataka tumpeleke mama Dar es Salaam apigwe picha, kisha tumtumie. Kwetu gharama hiyo ni nzito. Tufanyeje? (Mwana wa pili, Tanga)

Marahaba. Kaka yako anazungumzia jambo la kweli, ila nadhani amelisikia nusu. Mwezi Julai 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walitangaza matokeo ya programu waliyoifundisha kwa taarifa za watu zaidi ya 400 wa Marekani, kisha wakaijaribu kwa watu wengine 600 wa huko huko na 900 waliokuwa wakihudhuria kliniki za kumbukumbu nchini Uingereza na Singapore. Programu ilipewa vitu viwili: alama za majaribio ya kumbukumbu na kufikiri, na picha ya MRI inayoonyesha ni wapi tabaka la kijivu la ubongo limenywea. Miongoni mwa watu ambao hali yao ilikuja kuwa Alzheimer, yaani aina ya dimenshia inayowapata wengi zaidi, ndani ya miaka mitatu, iliwatambua asilimia 82. Miongoni mwa wale ambao hawakufikia huko, iliwatambua asilimia 81. Binafsi naihesabu miongoni mwa kazi zilizofanywa kwa uangalifu, kwa kuwa ilijaribiwa kwa watu walio nje ya kundi lililoifundisha, jambo ambalo tafiti nyingi za aina hii hazikulifanya.

Lakini soma tena ni nani waliopimwa. Hao walikuwa watu ambao tayari watafiti au madaktari wa kliniki walikuwa wakiwafuatilia, na mashine haikutazama picha peke yake. Zaidi ya hapo, swali lililoulizwa lilikuwa kama hali ya mtu itazidi kuwa mbaya katika miaka michache ijayo. Hilo bado si swali la mama yenu. Mtu anayepotea katika njia aliyoizoea na kusahau chungu jikoni ameshavuka mpaka wa usahaulifu wa kawaida wa uzee, na kinachotakiwa sasa ni kujua sababu, kwa maana baadhi ya sababu hutibika.

Kwa hiyo anzeni karibu na nyumbani. Mpelekeni kwa daktari wa hospitali ya rufaa ya mkoa, na aende na mtu anayeishi naye kila siku, kwa sababu maelezo ya mtu huyo yana uzito kuliko picha yoyote. Daktari atapima shinikizo la damu, sukari, upungufu wa damu, tezi ya thairoidi, vitamini B12, virusi vya UKIMWI na kaswende. Ataomba aone dawa zote anazomeza, zikiwemo zile za kununua dukani, kwa kuwa baadhi ya dawa za mzio, za usingizi na za kibofu huvuruga kumbukumbu za wazee. Atauliza pia kuhusu majonzi, maana sonona ya uzeeni inaweza kujifanya dimenshia, na kuhusu masikio, maana mtu asiyesikia vizuri huonekana kama asiyeelewa. Baada ya hapo ndipo huja picha, na mara nyingi CT skani, ambayo ni rahisi kuliko MRI na siku hizi ipo katika hospitali nyingi za rufaa, hutosha kuonyesha damu iliyojikusanya chini ya fuvu baada ya kuanguka wiki kadhaa zilizopita, uvimbe, alama za kiharusi cha zamani, au maji yaliyozidi katika vyumba vya ubongo. Mwambieni daktari kama mwendo wa mama umebadilika na kama hujikojolea, kwa sababu mambo hayo mawili yakiambatana na usahaulifu humwelekeza kwenye tatizo hilo la maji, ambalo linaweza kufanyiwa upasuaji.

Daktari huyo akiona kuna haja ya MRI, basi mkajipange. Lakini kuuza kiwanja ili mpate picha ya kuitumia programu ambayo hamna mkataba nayo wala daktari wa kuitafsiri, mimi nisingekubali. Mwombeni kaka aelekeze fedha hizo kwenye vipimo vya damu, nauli za kliniki, na mtu wa kukaa na mama jioni wakati jiko linawaka.

Daktari, hujambo. Mimi ni mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta jijini Nairobi. Kwa mradi wangu nilipakua mkusanyiko wa picha 6,400 za MRI uliogawanywa katika makundi manne, kuanzia asiye na dimenshia hadi aliye nayo kwa kiwango cha kati. Mtandao wangu wa neva, yaani programu inayojifunza kwa kuonyeshwa mifano mingi, umepata usahihi wa asilimia 99. Msimamizi wangu anasema nisishangilie. Kwa nini? (Mwanafunzi, Nairobi)

Sijambo, kijana wangu. Msimamizi wako anastahili shukrani, na nitalijibu swali lako kwa kirefu kwa sababu kosa analolishuku limewapata hata watu wenye shahada za uzamivu.

Kwanza tukubaliane mashine inatafuta nini. Katika ugonjwa wa Alzheimer protini mbili, amiloidi na tau, hurundikana ndani ya ubongo kwa miaka mingi kabla ya dalili, na chembe za ubongo hufa polepole. MRI ya kawaida haizioni protini hizo. Inaona matokeo yake, yaani kunywea. Sehemu inayojulikana sana kwa hilo ni hipokampasi, inayohusika na kumbukumbu, ambayo kwa mzee mwenye afya hupungua ujazo kwa takriban asilimia 1 hadi 1.5 kila mwaka, na kwa mgonjwa wa Alzheimer kwa asilimia 3 hadi 5. Vyumba vya maji hupanuka kujaza nafasi iliyoachwa wazi. Mtaalamu wa radiolojia huyaona hayo kwa macho yakiwa makubwa. Programu huweza kupima mabadiliko madogo katika ubongo mzima kwa wakati mmoja, na hapo ndipo penye faida yake ya kweli.

Sasa turudi kwa picha zako 6,400. MRI ya mtu mmoja haitoi picha moja, hutoa vipande kwa mamia, na vipande viwili vinavyopakana hufanana karibu kabisa. Mkusanyiko ukiwa ni wa vipande vilivyotawanywa bila kuonyesha kipi ni cha nani, nawe ukavichanganya na kuvigawa kwa nasibu, vipande vya bibi mmoja vitaingia katika mafunzo na vingine vya bibi huyo huyo vitaingia katika mtihani. Mtandao wako utakuwa umeitambua sura ya fuvu la bibi, si ugonjwa wake. Ni sawa na mwalimu aliyetunga mtihani kwa kunakili maswali ya zoezi la jana kisha akajisifu kwa ufaulu wa darasa. Mwaka 2020 watafiti wa Paris walipitia tafiti zilizotumia mitandao ya aina yako kutambua Alzheimer, wakakuta kwamba zaidi ya nusu huenda zilikuwa na uvujaji wa data wa namna hii au unaofanana nao. Walipojenga upya mifumo hiyo kwa kufuata utaratibu sahihi, mitandao hiyo haikuishinda njia ya kitakwimu ya zamani inayoitwa SVM. Matokeo hayo hayakupigiwa debe sana, lakini mimi huwapa wanafunzi wangu wayasome kabla ya kitu kingine chochote.

Hesabu pia picha zilizomo katika kila kundi. Katika mkusanyiko unaozunguka sana wenye idadi hiyo ya 6,400, kundi la dimenshia ya kiwango cha kati lina picha 64 tu, na hizo ni vipande, si watu. Huwezi kujua lolote la maana kuhusu ugonjwa wa kiwango hicho kwa watu wachache namna hiyo.

Ukitaka mradi wenye heshima, omba ruhusa ya kutumia data za ADNI, mradi ulioanza mwaka 2004 Marekani na Kanada, ambao umewafuatilia wazee kwa miaka kwa kutumia MRI, PET (picha inayopigwa kwa dawa yenye mionzi), maji ya uti wa mgongo na majaribio ya kumbukumbu, na ambao huwapa watafiti wa dunia nzima data zake bila malipo baada ya kuandika maombi. Gawa kwa mtu, usigawe kwa kipande. Kisha jaribu programu yako kwa data kutoka hospitali nyingine na mashine nyingine kabisa, kwa kuwa mashine ya Tesla 1.5 (Tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) na ile ya Tesla 3 hazitoi picha za aina moja, na mtandao hujifunza tofauti hizo kwa urahisi kuliko unavyojifunza ugonjwa. Ikiwa wagonjwa wako wengi walipigwa picha katika hospitali moja na wazima katika nyingine, mtandao utatambua hospitali na kukupa alama za juu.

Hata tafiti zilizosifiwa zina mipaka yake. Mwaka 2018 kikundi cha Chuo Kikuu cha California, San Francisco, kilifundisha mtandao kwa picha za PET zinazoonyesha jinsi ubongo unavyotumia sukari, zaidi ya picha 2,100 kutoka kwa watu 1,002, na katika mtihani wa nje mtandao ule uliwatambua wagonjwa wote wa Alzheimer kwa wastani wa miaka zaidi ya sita kabla ya utambuzi wa mwisho wa madaktari. Vichwa vya habari viliishia hapo. Mtihani huo wa nje ulikuwa na watu 40, na karibu mmoja kati ya watano wasio na Alzheimer alihesabiwa kimakosa kuwa nayo.

Ipo pia habari ya mashindano ya TADPOLE, ambamo timu 33 zilileta njia 92 za kubashiri mustakabali wa washiriki wa ADNI kabla data za baadaye hazijakusanywa, kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya kuchungulia majibu. Njia bora zilibashiri vizuri utambuzi wa ugonjwa na upanuzi wa vyumba vya maji. Zilipotakiwa kubashiri alama za mtihani wa kumbukumbu na fikra, hakuna iliyofanya vizuri kuliko kubahatisha. Usahihi wa picha haukufuatana na usahihi kuhusu maisha ya mtu, na hilo liandike katika sura yako ya mwisho.

Je, vipimo hivi vina mionzi inayoweza kumdhuru mzee? (Msomaji, Bukoba)

MRI haitumii mionzi ya eksirei. Hutumia sumaku na mawimbi ya redio, na hatari yake ni vyuma vilivyomo mwilini, kama vile baadhi ya vifaa vya kuendeshea mapigo ya moyo. CT skani hutumia eksirei, na PET hutumia dawa yenye mionzi inayochomwa kwenye mshipa. Kwa mzee mwenye dalili kiasi hicho si cha kuhofia. Kinachowasumbua wazee wengi zaidi ndani ya MRI ni kelele, na kulala bila kutikisika kwa nusu saa.

Assalaam alaykum daktari. Nina miaka 58, asili yangu ni Unguja na ninaishi Muscat. Sina ugonjwa ila presha, ambayo dawa yake naimeza nikikumbuka. Katika uchunguzi wa afya wa kulipia nilipigwa MRI, na ripoti ikasema "umri wa ubongo" wangu ni miaka 64. Tangu hapo sipati usingizi. Nimeanza kuugua? (Mzee wa Unguja, Muscat)

Waalaykumu salaam, bwana mkubwa. Katika barua yako lipo jambo moja lililonitia wasiwasi, nalo si hiyo miaka 64. Nitalifikia.

Wazo la umri wa ubongo lilipata sura yake ya sasa mwaka 2010, pale Katja Franke na Christian Gaser wa Jena, Ujerumani, walipoifundisha programu kukisia umri wa watu wenye afya kwa kutazama MRI zao. Mtu ambaye programu inamkisia kuwa na miaka mingi kuliko aliyonayo husemwa kwamba ubongo wake umezeeka haraka. Katika makundi makubwa tofauti hiyo ina maana: watu wenye Alzheimer, kisukari na maradhi mengine kadhaa huonekana, kwa wastani, kuwa na ubongo uliokisiwa kuwa mzee kuliko umri wao. Kwa mtu mmoja mambo ni tofauti. Programu nzuri za aina hii hukosea kwa wastani wa miaka 3 hadi 5 hata kwa watu wasio na ugonjwa wowote, na hiyo ni wastani, maana yake wapo wengi wanaokosewa kwa zaidi ya hapo. Kichwa kikitikisika kidogo wakati wa picha, tabaka la kijivu huonekana jembamba kuliko lilivyo. Miaka sita yako, kwa hiyo, iko karibu sana na mpaka wa makosa ya kawaida ya chombo chenyewe, na ripoti iliyokupa namba bila kukuambia hilo haikukutendea haki.

Njia hizi zinaendelea kuboreshwa. Mwaka 2025 watafiti wa utafiti wa Dunedin, New Zealand, ambao umewafuatilia watu 1,037 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973, walionyesha kwamba MRI moja inaweza kukadiria kasi ya kuzeeka kwa mwili mzima, na kwamba, walipoitumia kwa wazee wa ADNI, wale waliokuwa wakizeeka kwa kasi zaidi walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi kwa asilimia 60 wa kupata dimenshia katika miaka iliyofuata. Asilimia 60 inatisha mpaka uulize ni 60 ya nini. Kama hatari ya mtu katika kipindi fulani ilikuwa 5 katika 100, ikiongezeka kwa asilimia 60 inakuwa 8, na 92 waliobaki hawakupatwa.

Naomba univumilie kwa hesabu nyingine, kwa sababu ndiyo inayonifanya nisiwashauri watu wasio na dalili kutafuta vipimo hivi. Chukua watu 1,000 wenye afya, na tufanye kwamba 50 kati yao wataugua. Tuwe na programu bora kuliko zilizopo, inayowapata asilimia 90 ya watakaougua na kuwaacha kwa usahihi asilimia 90 ya wasiougua. Itawanyooshea kidole 45 kati ya wale 50. Lakini kati ya wale 950 wengine itawanyooshea kidole 95 kimakosa. Jumla ya waliotiwa hofu ni 140, na theluthi mbili yao hawana chochote. Kliniki ya kumbukumbu, ambamo nusu ya wanaoingia mlangoni tayari wana tatizo, ina hesabu nyingine kabisa, na ndiyo maana programu ile ile inaweza kuwa msaada huko na balaa katika uchunguzi wa kulipia. Jopo la Marekani linalotoa miongozo ya uchunguzi wa kinga lilitamka mwaka 2020 kwamba ushahidi hautoshi kupendekeza au kukataa uchunguzi wa kumbukumbu kwa wazee wasio na dalili, hata kwa maswali ya mdomo tu, sembuse kwa MRI.

Sasa lile jambo langu. Umeandika kwamba dawa ya presha unaimeza "nikikumbuka". Shinikizo la damu katika umri wa kati ni miongoni mwa mambo 14 ambayo tume ya jarida la tiba la Lancet iliyataja mwaka 2024 kuwa yanaweza kurekebishwa, na ambayo kwa pamoja yanahusishwa na takriban asilimia 45 ya dimenshia duniani. Mengine ni pamoja na kisukari, sigara, lehemu mbaya, uzito uliozidi, kutosikia vizuri, kutoona vizuri, upweke na hewa chafu. Katika jaribio la SPRINT MIND, lililochapishwa mwaka 2019 na kuwahusisha watu zaidi ya 9,000 wa Marekani, wale ambao namba ya juu ya presha yao ilishushwa ikilenga chini ya 120 badala ya chini ya 140 walipungukiwa na hatari ya udhaifu mdogo wa kumbukumbu kwa asilimia 19. Dimenshia kamili nayo ilipungua, ingawa si kwa kiasi cha kuondoa uwezekano wa bahati, na jaribio lenyewe lilisimamishwa mapema. Hakuna programu ya picha iliyowahi kumpunguzia mtu hatari kwa kiasi hicho. Weka dawa pamoja na mswaki wako, mpe daktari wako kipimo cha presha cha wiki mbili cha asubuhi na jioni, na umuulize yeye, si ripoti, lengo lako liwe ngapi.

Ndugu daktari, mimi ni muuguzi katika mkoa wa Kilimanjaro. Tunasoma kwamba mashine hizi zimefundishwa Ulaya na Marekani. Je, zinafaa kwa wazee wetu, ambao wengi hawakusoma na hawajawahi kupigwa MRI? (Muuguzi, Moshi)

Dada muuguzi, kama ningelazimika kujibu barua moja tu katika toleo hili, ningejibu yako. Programu haijui ubongo kwa ujumla. Inajua ubongo wa watu walioifundisha.

Tuanze na ADNI, ambayo imefundisha sehemu kubwa sana ya programu hizi. Katika awamu zake za mwanzo zaidi ya asilimia 90 ya washiriki walikuwa Wazungu, na kwa wastani walikuwa wamesoma kwa miaka kama 16, yaani kiwango cha chuo kikuu. Waandalizi wenyewe wameliona tatizo, na awamu ya nne iliyoanza mwaka 2022 imekusudia zaidi ya nusu ya washiriki wapya watoke katika jamii zilizoachwa nyuma. UK Biobank, hazina ya taarifa za afya ya Uingereza, ambayo mwaka 2025 ilifikisha watu 100,000 waliopigwa picha, iliwaandikisha takriban asilimia 5.5 tu ya walioalikwa, na waliokubali walikuwa na afya njema na hali bora kuliko majirani zao waliokataa.

Lipo jambo jingine ambalo huzungumzwa kidogo na ambalo kwa maoni yangu ni zito kwetu. ADNI ilitaka kuuchunguza ugonjwa wa Alzheimer ukiwa peke yake, hivyo iliwaweka kando watu waliokuwa na dalili nyingi za dimenshia inayotokana na mishipa ya damu. Katika wodi zetu mzee mwenye presha isiyotibiwa kwa miaka ishirini, mwenye vidonda vidogo vya kiharusi ambavyo hakuvijua, si mgonjwa wa kuwekwa kando. Ni mgonjwa wa kila siku. Programu iliyofundishwa bila yeye itamtazama kama mgeni, na itatoa namba bila kusema kwamba haijawahi kumwona mtu wa namna yake.

Kwamba hatari haisafiri bila kubadilika kutoka nchi moja hadi nyingine tunalijua tangu zamani. Utafiti uliolinganisha wazee wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani weusi wa Indianapolis, uliochapishwa mwaka 2001, ulikuta kwamba wagonjwa wapya wa dimenshia kila mwaka walikuwa asilimia 1.35 Ibadan na asilimia 3.24 Indianapolis. Aina ya jeni iitwayo APOE e4, ambayo kwa watu wenye asili ya Ulaya huongeza hatari waziwazi, ilikuwa na uhusiano hafifu zaidi kule Ibadan. Ukichukua kanuni ya hatari iliyotungwa upande mmoja na kuitumia upande mwingine bila kuipima upya, utakosea, tena kwa kujiamini.

Nawe uko katika eneo ambalo wengi wa wasomaji wetu hawajui umuhimu wake katika sayansi hii. Katika wilaya ya Hai, watafiti waliwachunguza nyumba kwa nyumba watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi mwaka 2009 na 2010, wakapata kiwango cha dimenshia cha asilimia 6.4 baada ya kurekebisha kwa umri. Kutokana na kazi ya huko, pamoja na ya Nigeria, ndipo kilipopatikana kipimo kifupi cha IDEA, ambacho hakimdai mzee kusoma wala kuandika: hutaja wanyama au vitu vya kundi moja kwa haraka, hukumbuka orodha ya maneno baada ya muda, hupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano, hueleza daraja ni nini. Muuguzi aliyefunzwa huweza kukitumia zahanati bila umeme. Mimi naamini kwamba kwa miaka kadhaa ijayo njiti hizo zitawatambua wazee wengi zaidi wa Afrika Mashariki kuliko mtandao wowote wa neva, na silisemi hili kwa kuidharau teknolojia.

Kwa sababu ipo sehemu ambayo mashine inaweza kutusaidia mapema zaidi kuliko katika kutabiri. Tangu mwaka 2020 Marekani imeruhusu MRI ndogo yenye sumaku ya Tesla 0.064, inayosukumwa kwa magurudumu hadi kitandani na kuchomekwa kwenye soketi ya kawaida. Picha zake ni hafifu, na kompyuta iliyofunzwa ndiyo inayozisafisha. Kifaa cha namna hiyo kikiwa katika hospitali ya wilaya, kikatuonyesha damu, maji yaliyozidi au kiharusi cha zamani, kitakuwa kimebadilisha matibabu ya siku hiyo hiyo. Ila picha iliyosafishwa namna hiyo isipelekwe kwa programu ya hatari iliyofundishwa kwa Tesla 3 na matokeo yake kuaminiwa. Na kama utafiti ukifika kwenu kuomba wazee wa kupigwa picha, ulizeni kabla ya kusaini kama data zitatumika pia kupima programu hizo kwa watu wetu, na kama mzee atakayekutwa na tatizo atapata pa kutibiwa.

Daktari, baba yetu alipigwa MRI hapa Mombasa kwa sababu ya usahaulifu. Binamu aliye Toronto anataka tupakie picha katika programu ya mazungumzo ya akili mnemba kwenye intaneti itupe asilimia ya hatari. Kuna ubaya? (Msomaji, Mombasa)

Upo. Faili za MRI hubeba ndani yake jina la mgonjwa, tarehe ya kuzaliwa na mahali alipopimwa. Hata mkifuta maandishi hayo, sura yake imo katika picha yenyewe: mwaka 2019 watafiti wa Mayo Clinic waliunda nyuso kutokana na MRI za watu 84 waliojitolea, na programu ya kutambua nyuso ikawalinganisha 70 kati yao na picha zao za kawaida. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 huhesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na baba akiwa bado anaelewa, ni yeye wa kukubali au kukataa, si binamu.

Tena jibu mtakalopata halitakuwa na thamani mnayoitarajia. Programu za kliniki nilizozieleza hupokea faili kamili, zenye vipande mamia, pamoja na alama za majaribio ya kumbukumbu, na zimepimwa kwa kazi hiyo moja. Programu ya mazungumzo mliyoitumia picha mbili zilizopigwa kwa simu kutoka kwenye filamu itawapa maneno yenye kujiamini, na pengine asilimia, bila msingi wowote wa kipimo.

Kinachofaa ni kuiomba hospitali ripoti iliyoandikwa na diski yenye faili zote, na kuhakikisha ripoti inataja hali ya hipokampasi, vyumba vya maji na alama za mishipa ya damu. Ikiwa haitaji, daktari wenu anaweza kumwomba mtaalamu wa radiolojia aongeze maelezo hayo. Diski hiyo itunzeni. Baba akipigwa picha tena baada ya mwaka mmoja au miwili, ikiwezekana kwenye mashine ile ile, tofauti kati ya picha hizo mbili itamwambia daktari wake mengi kuliko asilimia yoyote itakayotolewa kwa picha moja.